Kutoka Tanga hadi Delta ya Rufiji: Samaki wa Chini na Sakafu Wanayoikalia

Tuling'oa nanga Tanga mwishoni mwa kaskazi, kabla masika hayajatibua maji. Kwa kazi ya kulinganisha samaki wa chini, majira ni nusu ya kazi. Mkondo wa pwani ya Afrika Mashariki huelekea kaskazini mwaka mzima, na kusi likishika unaweza kufika mita 2 kwa sekunde. Kamera inayoteremshwa kwenye kasi hiyo hulala ubavu, ikapiga picha ya mchanga mtupu.

Kati ya Tanga na Pemba kina kinazidi mita 800. Upande wa bara kuna ukanda mwembamba wa maji ya kina kifupi, kisha sakafu inaporomoka ghafla. Ndiyo maana hapa jamii za samaki hubadilika ndani ya umbali mdogo: juu ya matumbawe wapo chewa, changu na pono, ukishuka ukutani unakutana na samaki wengine kabisa. Silikanti, samaki wa kale wa maji marefu, walianza kunaswa humu na majarife mwanzoni mwa miaka ya 2000, na hifadhi ya bahari yenye jina lao ikatangazwa 2009.

Kwenye miamba tulitumia kamera zenye chambo. Kilo 1 ya dagaa waliopondwa hutiwa kwenye mfuko wa wavu mbele ya lenzi, kamera hukaa chini dakika 60, na kati ya kituo na kituo huachwa angalau mita 250 ili samaki yuleyule asihesabiwe mara mbili. Kinachoandikwa kwa kila aina ni idadi kubwa kabisa inayoonekana kwa pamoja katika picha moja. Kujumlisha kila anayepita ni kosa, kwa kuwa changu mmoja mwenye njaa hupita mbele ya lenzi mara nyingi. Tuliteremsha karibu na maji kusimama, na siku za maji mafu pale ilipowezekana. Wakati wa bamvua harufu ya chambo husafirishwa mbali, ikaita samaki kutoka eneo kubwa, na kituo kikaonekana tajiri kuliko kilivyo.

Mlango wa Unguja ni habari nyingine. Kina chake kwa sehemu kubwa hakifiki mita 50, na enzi za barafu, bahari iliposhuka takriban mita 120, palikuwa nchi kavu. Sakafu ni mchanga, majani ya bahari na vipande vya miamba vilivyotawanyika. Kwenye majani ya bahari wanatawala tasi na changu wadogo. Penye mchanga mtupu yupo mkundaji, anayepekua kwa sharubu zake mbili, bumbo aliyejifukia nusu mwili, wayo na taa. Mita chache tu kati ya jani na mchanga zinatosha kubadilisha orodha, kwa hiyo asiyeandika aina ya sakafu mahali hasa kamera ilipotua ataona mchafuko ambao baharini haupo.

Kwa kupima sakafu tulitumia chombo cha taya mbili kinachojifunga kikigusa chini. Kasoro yake hujirudia: kombe au kipande cha tumbawe hukwama kati ya taya, na wakati wa kupandisha tope laini huchuruzika lote. Kinachobaki ni mchanga, nawe unaandika "mchanga" mahali penye tope. Taya zisipofunga kabisa, mwaga, rudia. Sampuli nzima huoshwa kwa chekeche yenye matundu ya mikroni 63 (milimita 0.063). Kinachopita ndicho tope, na kinachobaki hukaushwa na kupimwa uzito.

Kusini, mvua za mwanzo zilikuwa zimeanza kuupa mto Rufiji rangi. Mafia iko karibu, na upande wake wa mashariki, ndani ya hifadhi iliyoanzishwa 1995, matumbawe yana chewa na kangaja. Mbele ya delta, yenye msitu mkubwa kabisa wa mikoko Afrika Mashariki, kamera haioni hata chambo chake. Hapa wanaishi hongwe, samaki wadogo wa fedha wenye mdomo wa kuchomoka, na wale wanaokoroma kwa kibofu cha hewa: wote huvumilia tope na chumvi inayopanda na kushuka. Tulitumia wavu mdogo wa kukokota kwa kibali cha utafiti, dakika 30 kila mkokoto. Matokeo yake yasichanganywe na ya kamera katika hesabu moja. Wavu hukamata aliyejifukia na ambaye hataki chambo. Kamera humpendelea mla nyama.

Mavuno ya wavu huchambuliwa kwa mpangilio. Kwanza taa na hongwe wakubwa hutolewa wote na kupimwa mmoja mmoja. Kisha lundo lililobaki hupimwa uzito, huchanganywa kwa sepetu hadi chini, ndipo kikapu kimoja huchotwa na kuhesabiwa, na hesabu huzidishwa kwa uwiano wa uzito. Ukichota juujuu bila kuchanganya, samaki wadogo, ambao sitaha ikitikisika huzama chini ya lundo, watakosekana kwenye jedwali, na kwenye delta hao wadogo ndio wengi.