Zabibu zilizopasuka

Jumamosi iliyopita nilikua msibani huku njia ya Iringa, kijijini nilikokulia. Wanaume wako nje na moto wao, sisi wamama tumekaa kwenye vigoda tunamenya vitunguu, machozi yanatoka hata hujui ya msiba yapi ya kitunguu yapi, mara mdada kavuta kigoda kakaa pembeni yangu. "Mbukwa." Nikaitika, nikamgeukia, weee, ni yeye! Zaidi ya miaka ishirini. Jina lake silitaji, ana watu wake.

Turudi nyuma, 1999, tuko darasa la nne. Waliosoma shule zetu wanajua habari ya kidumu na fagio. Miti ya shule lazima inyweshwe, na kiangazi cha Dodoma si mnakijua, mvua ikishakata mpaka uione tena ni Desemba, kwahiyo kila mtoto na maji yake asubuhi. Tulikua tunachota korongoni. Unafukua mchanga mpaka mkono unazama begani, halafu unasubiri, maji yanajikusanya taratiibu, meupe kama ya kuoshea mchele, unateka kwa kikopo, ukiwa na haraka unateka tope unaanza upya. Kwao hawakua na kidumu kizima, kwetu kulikua na dumu la lita kumi, na mwalimu wa zamu alikua anakubali dumu la kumi lihesabiwe la watu wawili. Basi ndo urafiki ukaanzia hapo. Dumu langu, anabeba yeye kichwani, na mi namletea zabibu.

Baba alikua na shamba la zabibu, zile nyekundu za mvinyo, na msimu wa mwezi wa nane na wa tisa ndo huohuo maji yanapokua shida. Nilikua nachana karatasi ya daftari la hesabu, nafunga zabibu, naweka mfukoni mwa sketi, mpaka tunafika korongoni karatasi imelowa imekua zambarau na hesabu zimehamia kwenye zabibu. Nimechapwa kwa ajili ya zile karatasi jamani. Mimi kwa akili yangu huo ndo ulikua upendo.

Sasa sikilizeni mwenzangu anavyokumbuka. Anamenya kitunguu hata haniangalii, anasema, "We ulikua unanipa zilizopasuka." Nikamwambia eeh, si ndo tamu zile, ikipasuka imeiva mpaka imezidi, hata nyuki anaenda hiyohiyo, nilikua nazichagua moja moja! Akacheka kidogo. "Mama alikua anasema wanakulipa makombo na kichwa chako kinaota kipara." Kulipa! Mi sikuwahi kuwaza malipo. Ila niwe mkweli hapa maana ni kwangu: vichala vizima baba alikua anajua idadi, vinaenda kwenye kreti, zilizopasuka ndo zilikua hazina mwenyewe. Yani nilichagua tamu au nilichagua ambazo sitaulizwa? Nimeliwaza hili swali toka Jumamosi na kila nikilijibu najibu tofauti.

Na hatukuishia hapo. Mi miaka yote nilikua nahesabu kwamba yeye ndo aliniacha. Siku moja tu asubuhi hakupita kwetu, kesho yake namkuta na mtoto wa mwenye duka, mi nikalibeba dumu peke yangu nikamwaga nusu njiani na shingo ikaniuma wiki nzima. Yeye anasema hapana, kuna siku mtoto mwingine alitaka kumpokea dumu, mi nikasema, "Mwache, huyo ndo mbebaji wangu", na mama yake alikua pale pembeni na karanga zake anauza, kasikia. Mi hilo neno silikumbuki kabisa. Kabisa. Lakini alivyolisema, kwa ile sauti, nikajisikia ni la kwangu.

Kwenda kuangalia shamba tukumbushane nako haiwezekani, toka serikali ihamie Dodoma viwanja vimepanda, baba akauza, pale sa hivi kuna nyumba za watu na mageti.

Tukabadilishana namba, tukaendelea kumenya.

Jumapili nikamuuliza mama, unamkumbuka fulani? Mama anapepeta mchele wake, akasema, "Yule si alikua anakuja kwa ajili ya chai?" Nikamwambia mama, alikua anakuja tunaenda wote maji. "Maji gani, mtoto alikua anafika kabla ya jua anasimama mlangoni anaangalia birika. Mpaka nikamfuata mama yake nikamwambia mwanao umlishe kwanza kwako." Ulimfuata lini? Mama akaacha kupepeta. "Sasa nakumbuka tarehe mimi? Kipindi cha zabibu."

Nimekaa na simu mkononi toka jana. Bando ninalo, na yeye watsapu namwona yuko hewani. Nimeandika "Mambo shoga, mlifika salama?" akajibu salama, akauliza mama hajambo? Nikamwambia hajambo, anakusalimia.