Tunatozwa ada ya maji taka na bomba halijafika kwetu
Majirani wa huku juu, barabara ya Kisumu kwenda Kiboswa, tafadhali someni bili zenu za maji mstari kwa mstari. Yangu ya mwezi huu ina ada ya maji taka. Bomba la maji taka halijafika kwetu! Tunatumia choo cha shimo, na kikijaa tunaita gari la kunyonya kwa pesa zetu wenyewe. Sasa hiyo ada ni ya nini?

Maji yenyewe nalipa bila kinyongo. Yuniti moja ni lita 1,000, yaani mitungi 50 ya lita 20, na aliyewahi kununua ya mkokoteni anajua tofauti. Kuyasukuma hadi huku mlimani pia kuna gharama, nakubali.

Ila bei hazipangwi kiholela. Chini ya Sheria ya Maji ya 2016, WASREB, bodi ya serikali inayodhibiti huduma za maji, ndiyo huziidhinisha, na wananchi lazima watoe maoni kwanza. Sisi wa nje ya mji hatuonekani kwenye mikutano hiyo, na inaniuma sana.

Nimepeleka malalamiko kwa maandishi kwa kampuni ya maji, pamoja na nakala ya bili, wakanigongea muhuri wa kupokea. Mwenye mstari kama huo aniandikie inbox, tupeleke barua moja.