Misalaba kwenye daftari la korosho

Mwaka 2018, ule msimu wanajeshi walipokuja huku kusini kubeba korosho, ndo mwaka niliotoka Newala kwenda Mtwara mjini kupima kwa nini sishiki mimba. Nilikuwa na miaka 27, ndoa ina mitatu na nusu, na kwetu miaka mitatu bila mtoto kila mtu ana dawa yake ya kukupa, wifi kaleta mizizi, jirani kaleta unga wa kulamba, mama mkwe yeye hakuleta kitu ila alikuwa ananiangalia tumbo kila nikiinama kufagia.

Siku zangu hazijawahi kukaa sawa tangu navunja ungo. Mwezi huu naona, unaofuata sioni, nikija kuona zinaenda siku tisa. Unyagoni kungwi alitufundisha kufua vitambaa na kuvianika pasipoonekana, kutotia chumvi kwenye mboga ukiwa kwenye siku zako, mengi tu na namshukuru, lakini kuhesabu hakutufundisha mtu. Kuhesabu nilifundishwa na rafiki yangu, kwamba ukianza kuona damu hesabu siku 14, hiyo ndo ya kushika mimba, zingine mjizuie ili mbegu zikusanyike. Basi tukaishika hiyo siku ya 14 kama amana. Mume wangu anapulizia salfa, ile dawa ya mikorosho, huko shambani Tandahimba, ikifika siku yenyewe anapanda bodaboda usiku anakuja, asubuhi anarudi. Miaka mitatu.

Tulipanda basi la alfajiri, Tandahimba, Nanyamba, vumbi tupu mpaka mjini. Pale kliniki nesi mmoja mtu mzima akaniuliza, mwanangu mara ya mwisho umeona lini siku zako, na kabla ya hapo lini, na kabla ya hapo? Nikakwama. Halafu nikakumbuka lile daftari la shamba, nimelibeba maana hela ya vipimo niliikunjia humo, na mwandishi wa daftari ni mie, naandika vibarua wa palizi, mifuko ya salfa, kilo zilizoenda ghalani, na pembeni siku nikianza kuona nilikuwa naweka kamsalaba kadogo. Kwa nini nilikuwa naweka sijui, labda nilitaka pawepo na sehemu moja panaposemwa.

Mama yule akavaa miwani akaanza kuhesabu na kalamu. Tarehe 3 Machi hadi 14 Aprili, siku 42. Hapo hadi 5 Juni, siku 52. Hadi 9 Julai, 34. Akasema mwenye mzunguko wa kawaida anacheza kwenye siku 21 mpaka 35, wewe unapitiliza. Halafu akasema neno ambalo mpaka leo nalisikia: ile 14 haihesabiwi kwenda mbele, inahesabiwa kurudi nyuma. Yai linatoka kama wiki mbili kabla ya damu inayofuata, kwa hiyo kwenye ule mzunguko wa 42, kama yai lilitoka, lilitoka kwenye siku ya 28 hivi, na kwenye ule wa 52 siku ya 38. Yai likitoka linaishi siku moja tu, mbegu za mwanaume zinaweza kukaa ndani mpaka siku tano, ndo maana mtu ambaye siku zake hazieleweki anaambiwa mkutane kila baada ya siku mbili tatu, sio kuvizia siku moja. Mie nikawa namuwaza mume wangu usiku kwenye ile bodaboda.

Na bado akaniambia kuna miezi damu inatoka na yai halijatoka kabisa. Nikapigwa ultrasaund, nikatolewa damu ya kupima thairoidi, tezi ya shingoni, na homoni nyingine, daktari akaniuliza kuhusu vinyweleo vya kidevuni ambavyo nilikuwa nang'oa kwa siri, nikalia. Akasema ni PCOS, ndo jina la huo ugonjwa, homoni zimeyumba, na vile vifuko vidogo vilivyoonekana kwenye ovari, pale mayai yanapokaa, sio uvimbe wa kukata, ni mayai yaliyoanza kukua yakaishia njiani. Sio mgumba, akasema, yai lako linachelewa na kuruka miezi. Nilikuwa na kilo 82, akataka nianze kwa kupunguza tano, mume naye apimwe mbegu. (Dawa ya kupevusha mayai nilipewa mwaka uliofuata, mwanangu kazaliwa 2020.)

Mume wangu alikuwa nje chini ya mwembe. Nilimweleza yote, vinyweleo pia, akanyamaza, akasema vipimo vyake afanye lini.

Kwenye basi la kurudi akaniomba daftari na kalamu. Akaliweka gotini, akawa anarudi nyuma msalaba mmoja mmoja, anaandika namba pembeni kwa mwandiko wake mbaya. Tunapita Nanyamba kashafika msimu wa 2016, akaniuliza mbona hapa Oktoba hadi Desemba hakuna kitu. Nikamwambia ile miezi nilidhani nimeshika.

Akafunga daftari, akalishika hivyo hivyo mpaka Newala.