Jinsi tulivyouokoa mvule wa mtaa wetu
Mchoro wa jengo jipya la maduka ulipoletwa hapa mtaani kwetu Jinja, mvule mkongwe ambao wazee hukutania chini yake ulikuwa umepangiwa kukatwa ili kupisha njia ya magari. Mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la ngazi ya chini kabisa ya serikali za mitaa hapa Uganda, aliitisha mkutano, tukaandika barua iliyotaja Ibara ya 39 ya Katiba ya mwaka 1995, inayompa kila Mganda haki ya mazingira safi na yenye afya.

Barua peke yake haikutosha. Kilichomshawishi mkandarasi ni vipimo. Tuliuzungushia mti utepe kwenye kimo cha mita 1.5, tukapata mzingo wa mita 3.8, yaani kipenyo cha takriban mita 1.2, na kwa kanuni ya wataalamu ya kuzidisha kipenyo mara 12, mizizi ilihitaji mita 14 hivi kila upande, zisizochimbwa wala kushindiliwa. Njia ikahamishiwa upande wa pili wa kiwanja. Uzio tuliusimamisha kabla tingatinga halijaingia, nami nalisisitiza hilo kwa uchungu, kwa sababu mti uliokatwa mizizi unaweza kuchukua miaka kadhaa kufa, wakati wajenzi wameshaondoka.