Siionei haya

Neno la kwanza nililomwambia mdogo wangu nilipofika nyumbani Kirumba, Mwanza, ni samahani. Alikuwa ametoka Mwaloni, soko la samaki la ziwani, grisi ya injini za mitumbwi imempaka hadi viwikoni, akasimama mlangoni akinitazama bila kuelewa. Miaka saba hatujaonana. Mama akaingilia: "Mwache kwanza anawe, mwanangu. Mengine mtaongea mkishakula."

Tulikula ugali kwa sato. Baada ya hapo nikawasimulia usiku mmoja wa Novemba, na leo nauandika vilevile nilivyowasimulia.

Nashville, mji ninaoishi huko Marekani, unaishi kwa muziki. Barabara ya Broadway kila mlango una gitaa. Mimi nahudumia wazee zamu ya usiku, kwa hiyo nakutana na wanamuziki alfajiri, wao wanarudi kulala, mimi nasubiri basi. Mwenzangu kazini, mama Mmarekani mweusi aliyenizidi umri, akaniambia mjukuu wake anampeleka kwenye tamasha la hip-hop ya Injili na tiketi moja imebaki. Nilitaka kukataa. Bei yake ilikuwa kama mshahara wa saa nne, halafu hip-hop na Injili, kwa malezi niliyoyapata, havipikwi chungu kimoja. Nilikubali kwa sababu ya jengo tu, maana nimelipita mara nyingi bila kuingia.

Ni Ryman Auditorium. Matofali mekundu, madirisha marefu yaliyochongoka juu kama ya kanisa, na kweli lilijengwa liwe nyumba ya kuhubiria. Aliyelijenga, Thomas Ryman, alikuwa nahodha na mwenye meli za mvuke kwenye mto Cumberland. Mwaka 1885 alikwenda kwenye hema la mhubiri Sam Jones, akatoka humo ameokoka, akaanza kuhangaikia jengo ambalo watu wa mji wangeingia kusikia neno bila kuulizwa dhehebu. Lilifunguliwa 1892. Nahodha alipofariki mwaka 1904, Sam Jones ndiye aliyehubiri kwenye mazishi, na jengo likachukua jina la marehemu.

"Nahodha wa meli?" Mama akauliza. Baba alikuwa kuli bandarini miaka yote. MV Victoria ikifunga gati yeye yupo, ikiondoka kwenda Bukoba yeye yupo. Kwa Mama, mtu wa meli ni ndugu. Ikabidi nirudie kisa cha nahodha toka mwanzo, na safari hii akaacha hata kuokota vyombo.

Jengo lile limebeba mengi, na si yote mazuri. Roshani ya juu iliongezwa 1897 kwa ajili ya mkutano wa maveterani wa jeshi la Kusini, lile lililopigana watu weusi wabaki watumwa, ikapewa na jina lao. Kisha toka 1943 hadi 1974 kilirushwa humo kipindi cha redio cha Grand Ole Opry, ndiyo maana wapenzi wa muziki wa country wanaliita kanisa mama lao. Lakini alichotaka mwenzangu nikijue, tukiwa kwenye foleni na baridi inatuuma masikio, ni kwamba Fisk Jubilee Singers nao waliimba humo. Hiyo ni kwaya ya chuo cha weusi cha Fisk, palepale Nashville. Ilianza 1871, na wengi wao walizaliwa utumwani. Walizunguka wakiimba ili chuo chao kisifungwe kwa ukata, na mwaka 1873 wakamwimbia Malkia Victoria, huyohuyo ambaye ziwa letu lilibandikwa jina lake. Na nyimbo zilizowapa sifa, zile za wazazi wao watumwa, mwanzoni hawakutaka kabisa kuziimba mbele za watu. Ziliwakumbusha utumwa. Waliziimba wenyewe kwa wenyewe, faraghani.

Hilo la kuficha wimbo lilinichoma, na wakati ule sikujua kwa nini.

Ndani hakuna viti, kuna mabenchi ya kanisa, marefu, yamelainishwa na migongo ya watu wa zaidi ya miaka mia. Mbao zake ni za mwaloni, nikacheka peke yangu, mtoto wa Mwaloni nimekalia mwaloni. Nikaweka kiganja juu ya benchi. Taa zikazimwa, besi ikaanza, na kabla sijaisikia masikioni niliisikia mkononi, ule ubao unatetemeka kama ubavu wa mtumbwi injini ikiwaka. Mjukuu akasimama. Bibi yake akasimama. Ukumbi mzima ukasimama, watu zaidi ya elfu mbili.

Vijana wengi walivaa fulana zenye namba 116. Nilidhani ni timu ya mpira. Mjukuu akaniambia ni Warumi 1:16, alama ya Lecrae na wenzake wa Reach Records, lebo iliyoanza 2004. Huyo Lecrae ndiye aliyepata Grammy ya albamu bora ya Injili mwaka 2013, kwa kurapu. Mstari wenyewe niliujua toka Shule ya Jumapili, tuliukariri tukiwa watoto, mimi na mdogo wangu, tukipokezana: "Kwa maana siionei haya Injili, kwa sababu ni uweza wa Mungu uuletao wokovu, kwa kila aaminiye."

Waliopanda jukwaani usiku ule sikuwajua hata mmoja, na Kiingereza chao kilinipita kwa kasi. Katikati, kijana mmoja akaomba biti ikatwe. Akabaki na maiki tu, akachana bila ala. Kabla ya kila mstari alivuta pumzi akiinamisha kichwa kushoto, kama mtu anayemsikiliza mtoto aliyesimama chini yake. Nikakaa. Watu wote wamesimama, mimi nimekaa, nimeshika benchi kwa mikono miwili, nalia.

Kwa sababu nilishaiona pumzi ile. Ibada ya Pasaka, kanisani kwetu, mwaka mmoja kabla sijaondoka. Mdogo wangu alikuwa ameandika mistari juu ya Petro, akaomba nafasi ya vijana. Alianza hivi:

Petro kakesha, nyavu kazitia,
Alfajiri ziwa limemnunia.

Mistari miwili. Mzee mmoja akanyoosha mkono kwa fundi mitambo, maiki ikazimwa. Kijana akabaki anatingisha midomo. Jumatano yake kikaitwa kikao, nami nikiwa kiongozi wa sauti ya kwanza kwenye kwaya nikaulizwa. Nilisema ni muziki wa vijiweni, utatuaibisha. Dirisha lilikuwa wazi, naye alikuwa amekaa nje kwenye ngazi. Toka siku hiyo hakukanyaga ibadani, nami nikapanda ndege, nikawa natuma pesa na kuuliza hali, na lile neno sikuligusa.

Nilipofika hapo katika kusimulia, Mama hakunitetea wala hakunilaumu. Alisema, "Babu yenu alikuwa ningi." Hatukuwahi kuambiwa. Mnaojua ngoma za Usukumani mnajua ningi ni nani: Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma, wakishindana baada ya mavuno, yeye ndiye anayetunga na kuongoza, anayemrushia mpinzani maneno mpaka watu wahame upande. "Alipobatizwa aliambiwa ngoma ni za shetani. Akaacha. Akawa anaimba shambani tu, akidhani hatumsikii." Kisha akaongeza kwamba wenzetu Wakatoliki pale Bujora, Kisesa, padri David Clement aliziingiza ngoma kwenye ibada, na mpaka leo kila Juni watu wanajaa kwenye sikukuu ya ngoma ya Bulabo. Alisema hivyo kwa sauti ya mtu aliyeliweka jambo moyoni muda mrefu.

Mdogo wangu hakusema kitu. Aliondoka. Nikamfuata baada ya kitambo, nikamkuta amekaa kwenye jiwe letu la utotoni, lile kubwa nyuma ya nyumba linalotazama ziwa. Usiku ulikuwa hauna mwezi, wavuvi wa dagaa wako kazini, taa zao zimejipanga majini kama mtaa mwingine wa Mwanza. Nikakaa. Kimya. Kisha akauliza:

"Dada, huyo jamaa, biti ilipokatwa, pumzi alikuwa anaivutia wapi? Mwisho wa mstari au katikati?"

"Mwisho. Kama wewe."

Akatazama taa. Mama naye alikuwa amekuja na ndoo ya dagaa tupu, sijui ya nini. Akaipindua, akaikalia kidogo, akainuka tena, akaanza kuigonga kwa viganja, taratibu, mapigo ambayo sijawahi kuyasikia nyumbani kwetu. Mdogo wangu akainamisha kichwa kushoto. Petro kakesha, nyavu kazitia. Alfajiri ziwa limemnunia. Akavuta pumzi, nami kwa mara ya kwanza nikausikia mstari wa tatu.