Begi moja na doti ya kanga, Dodoma hadi Mwanza

Safari ya kwanza kumpeleka mtoto ukweni nilibeba kama mtu anayehama. Ilikuwa Februari, mwanangu ana miezi minne. Nilikuwa na begi kubwa la magurudumu, beseni lake la kuogea, chandarua cha mwavuli, mto wa kunyonyeshea na boksi la zabibu za mama mkwe. Vyote vikaingia kwenye buti pale stendi ya Nanenane, tukaondoka. Kwenye kona za Saranda, kabla hatujafika Manyoni, mtoto akachafua. Si kidogo, ilipanda mpaka mgongoni. Pampasi nilikuwa nazo 40. Zote kwenye buti.

"Dada, buti halifunguliwi mpaka Singida," konda akanijibu bila hata kugeuka. Hapo kumebaki zaidi ya kilomita 100.

Aliyeniokoa ni mama mmoja mtu mzima tuliyekaa siti moja. Alivua kanga begani kwake, akamfuta mtoto kwa pindo, akamvingirisha kwa upande uliobaki, akampakata mwenyewe. Alipokuwa anashuka Nzega nilitaka kumpa hela ya kanga yake. Akacheka: "Mwanangu, mkojo wa mtoto haulipiwi."

Julai tulirudi tena, mtoto ana miezi tisa. Safari hii nilianza kwa kumpigia mama mkwe simu.

"Shikamoo mama. Eti beseni la kumwogeshea mtoto lipo huko?"

"Marahaba mwanangu. Humu ndani wamekulia watoto sita, unaniuliza beseni?"

Basi, beseni likabaki Dodoma. Chandarua kikabaki. Pampasi za kutumia kule nikasema nitanunua kulekule, maana Mwanza nako kuna maduka. Nguo za mtoto nilichukua chache tu, kwa sababu ukifua asubuhi, mchana zimekauka. Hesabu ikawa ya barabarani peke yake: kilomita 700 hivi, kuanzia alfajiri mpaka usiku unaingia. Pampasi moja kwa kila saa tatu na tatu za dharura, nikapata nane.

Zile nane sikuzirundika. Nilitandaza nguo moja ya mtoto, juu yake kitambaa cha pamba, juu yake pampasi, nikaviringisha kama chapati na kubana kwa mpira. Mtoto akichafua, unaingiza mkono mmoja kwenye begi, unatoa kifurushi kimoja, kila kitu kimo. Ukiwa na mtoto anayejinyonganyonga mapajani na dereva anayeyapita malori, huo mkono wa pili huna.

Uchafu ulinisumbua kichwa zaidi. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019, ule wa kuwekea pampasi iliyotumika haupatikani kirahisi, na kurusha dirishani mimi siwezi (wanaorusha wapo, tunawaona). Nikachukua ndoo ndogo yenye mfuniko wa kubana, iliyokuwa ya siagi ya karanga. Haikutoa harufu hata kidogo, na kila tuliposimama kula niliimwaga kwenye pipa la taka.

Uji wa ulezi niliupika alfajiri, nikaumimina wa moto kwenye chupa ya chai. Tuliutumia mpaka Singida, uliobaki nikaumwaga, sikutaka kumpa uji uliolala kwenye joto. Baada ya hapo ni ndizi mbivu, parachichi na kunyonya. Ndizi inakuja na kifungashio chake, na kunyonya hakuchukui nafasi kwenye begi.

Julai Dodoma asubuhi kuna baridi na ule upepo wetu, kwa hiyo sweta, soksi na kofia vilipanda basi vikiwa mwilini. Kadi ya kliniki na pakiti mbili za ORS, zile za kuchanganya na maji mtoto akiharisha, nikaweka mfuko wa mbele. Hivyo sivipunguzi hata nikiambiwa nibebe leso tu.

Kazi kubwa ilifanywa na doti ya kanga. Kipande kimoja kilikuwa cha mgongoni: basi liliposimama tuchimbe dawa, nilimfunga nikashuka mikono mitupu. Cha pili kilikuwa shuka la kumbadilishia, kikawa cha kujifunika nikinyonyesha, na jua la Ikungi lilipoanza kupiga upande wetu nikakibana dirishani kikawa pazia.

Niliyemsahau ni mimi. Kwenye kona za Sekenke mtoto aliutapika uji wote, juu ya blauzi yangu, na blauzi ya pili ilikuwa ndani kabisa, chini ya kila kitu. Nikajifunga lile pazia mpaka shingoni na kufika Mwanza hivyohivyo, nanuka ulezi.

Mama mkwe alimpokea mjukuu kwanza, kisha akachungulia nyuma yangu kwenye bodaboda.

"Na mizigo mingine inakuja na nani?"

"Ndiyo hii tu, mama."

Akaliangalia begi, akaniangalia mimi na kanga yangu, akaingia ndani na mtoto. Beseni lilikuwa limeshajaa maji ya vuguvugu.