Seva Tatu na Daftari Moja

Juzi binti wa dada yangu, ambaye sasa asomea kompyuta, aliniuliza: "Mjomba, kama klasta ina seva tatu zenye data ileile, bakapu, ile nakala inayowekwa kando, ya nini tena?" Nikakumbuka kile chumba cha nyuma Langoni, mjini Lamu, ofisi ya chama cha akiba.

Asubuhi ile programu ya wanachama ilisasishwa, na jedwali la michango likafutika. Galera, programu inayoziunganisha seva za hifadhidata ziwe klasta moja, ilifanya kazi yake barabara: kinachoandikwa kwenye seva moja huandikwa kote, na kinachofutwa hufutwa kote. Kufumba na kufumbua zote tatu zikawa sawasawa, zote hazina kitu. Klasta hukukinga mashine ikifa. Amri mbaya nayo huisambaza.

Bakapu ya usiku tuliiweka Mokowe, ng'ambo, ikaja kwa boti. Tukazima zote, nikairejesha seva ya kwanza, nikaiwasha peke yake kama klasta mpya. Ningeiunga na wenzake walio hai, ingejinakilia uharibifu wao.

Zikabaki mbili. Hizo ilibidi nifute folda za data, ziwake tupu, zichukue kila kitu kwa ile ya kwanza. Amri nilishaiandika. Mweka hazina akasogeza kiti.

"Wafuta tena, mwanangu?"

"Nafuta, Bi. Lakini tuihakiki kwanza hii iliyorudi."

Akafungua daftari lake, lile lenye jalada jeusi lililovimba kwa unyevu wa bahari. Akawa ataja jina na salio, kidole kikiteremka mstari kwa mstari, nami nasoma kwenye skrini. Ikilingana husema "Naam," na kupita. Jina la marehemu mumewe alilitaja kwa sauti ileile, akangoja jibu langu, akasema "Naam." Hakuniruhusu kuruka ukurasa hata mmoja, na alikuwa na haki: zilikuwa amana za watu. Alipolifunga daftari ndipo nikabonyeza.

Seva zilizobaki zilinakili hadi magharibi, bila hitilafu. Michango ya asubuhi, ambayo bakapu haikuwa nayo, tuliiingiza upya kutoka vitabu vya risiti. Isipokuwa mmoja: mvuvi aliyesema ameweka pesa mapema, na risiti yake imelowa mashuani. Kitabuni hatukuiona nakala. Mweka hazina akamwandikia mchango huo kwa kauli ya mvuvi mwenyewe. Mimi ningekataa, nadhani, na bado sijaamua nani kati yetu aliyezilinda zaidi amana zile.